Kinini za Papa Aristide

Mbele ya stesheni ya Kalemie kuna mbao mbili za reli zilizolazwa juu ya mawe, na hapo ndipo Mama Hélène anauza kahawa ya tangawizi. Kila mteja ana nafasi yake. Ile ya katikati ni ya mume wake Aristide, fundi wa moteri za mitumbwi, na iko wazi tangu ziwa lilipopanda likabeba karakana yake. Aristide halali. Chakula anakisukuma, mlango ukigongwa anashtuka. Wiki mbili zilizopita kituo cha afya kilimpa kinini, vidonge vya kumeza kila jioni, na miadi ya kuongea na sikologi, mtaalamu wa mawazo, kila Jumatano. Kijiwe kiliposikia, kikaanza kazi.

— Mi naliwaambia, alisema Papa Ruphin, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Jana nimepita kwake, nikapiga hodi. Iko ndani, haitiki. Muntu tulikua naye toka utoto! Ndio kinini ile.

— Si kinini, akajibu Kalala, aliyewahi kushinda kesi ya mbuzi, na tangu hapo anaitwa Avoka, yaani wakili. Ni maongezi. Muntu anakusikiliza saa nzima, hakushauri, hakuombi hata bia. Anapata faida gani? Wazee walisema, mficha uchi hazai. Basi ufiche.

— Aristide ana watoto sita, Avoka. Azae tena wapi? akauliza Redio.

— Ni mufano tu.

Mama Hélène alimimina kahawa.

— Avoka anasema kweli, alisema Ephraïm, Pasta Nusu, aliyeacha shule ya Biblia katikati. Ukitoa siri zote, ndani kunabaki tupu, na kitu kingine kinaingia. Carmel, mutoto wake, amesema baba analia. Papa muzima. Ule sikologi amefungua bomba, hajui kulifunga.

— Bomba ni hadithi yako, Pasta, akasema Redio. Kinini ile ni ya kupoesha watu. Ukimeza, umeme wa bwawa la Bendera ukikatika hauulizi, barabara ikioza hauulizi. Kesho wataiweka katika maji ya mji. Hata samaki watakuja kuvuliwa wenyewe.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Avoka, akatikisa kichwa.

Mkono wa Mama Hélène ulikwenda kwenye fundo la kitenge chake, ukarudi kwenye termosi ya kahawa.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake, akingoja treni ya Nyunzu, alirudisha kikombe.

— Samahani, bapapa. Huyo Papa alianza kumeza siku gani?

Redio aliweka kikombe chini.

— Ni siku zile zile alizopewa, alisema Redio. Uliza bibi yake.

Wote walimgeukia Mama Hélène. Kinini zilikuwa ndani ya fundo, hata moja haijatolewa. Alizifunga humo siku Redio alipozisema vibaya mara ya kwanza. Jumatano iliyopita, siku ya miadi ya kwanza, alimwambia Aristide abaki nyumbani kupumzika. Kutoitika kule na kulia kule havikutoka kwenye kinini wala kwa sikologi. Vilitoka kwenye ugonjwa, ambao mpaka siku hiyo hakuna aliyeugusa.

Akaanza kukusanya vikombe, hata cha Redio ambacho kilikuwa nusu.

— Mama Hélène, na kahawa?

— Imeisha. Leo ni Jumatano.

Akashika njia ya nyumbani, na termosi bado ilikuwa nzito mkononi mwake.