Mwalimu Mabonga na Namba ya Moja Kumi na Saba

Marehemu Mwalimu Joram Mabonga Kituyi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1955 huko Kimilili, kitinda mimba wa marehemu Mzee Kituyi na Mama Nekesa. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, ambako alimaliza hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuiandika ubaoni, na hakuficha kwamba anajua. Alifuzu ualimu mwaka 1978, akatumwa Cheptiret, kisha shule moja ya hapa Eldoret, akafundisha hesabu hadi alipostaafu mwaka 2015.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na Selpha Nakhumicha, karani wa ghala la mahindi Moi's Bridge. Kazi ya Selpha ilikuwa kuhesabu magunia yakipakiwa, na hakuna dereva aliyewahi kumpunja hata moja. Miaka kumi ilipita bila mtoto. Aprili 1994 kaka wa marehemu, Mzee Wabuge, alimwambia aoe mwingine kwa kuwa Selpha ni tasa. Wiki hiyo hiyo, katika chumba cha walimu, mwenzake aliandika moja kumi na saba zikifuatana, 11,111,111,111,111,111, akasema hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Jibu alilotaka kumpa kaka yake likamwangukia mwalimu mwenzake.

"Wewe usiite kitu tasa na hujajaribu yote!"

Akaanza kujaribu, kwa mkono. Simu na kompyuta alizikataa kabisa. Alijua kwamba kigawo chochote cha namba ile, ukikitoa moja, lazima kinachobaki kigawanyike kwa thelathini na nne, hivyo aliruka nyingi. Hata hivyo zilibaki maelfu. Kila siku baada ya chai alijaribu moja au mbili, akajaza madaftari hamsini na mawili. Selpha alilalamika meza yake ya kulia ilipogeuka ofisi. Lakini alijua ni yeye anayepiganiwa, na alichoogopa ni kwamba siku moja namba ile ingekuja kuwa tasa kweli.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2023. Mei mwaka huu alilazwa katika hospitali ya misheni, Plateau. Mikono ilikuwa ikitetemeka, akamwomba Selpha ayakague madaftari yote. Jumapili tarehe 1 Juni, Selpha, akizifuata zile moja kwa kidole kama magunia, alifika daftari la mwaka 2016, mahali Mwalimu alipogawa kwa 2,071,723.

"Mwalimu, hapa umeshusha moja kumi na sita. Kuna moja imepotea."

"Haiwezekani. Shika biro tufanye tena."

Mwalimu alitaja tarakimu, Selpha akaandika. Mwishoni ilibaki sifuri, na jibu lilikuwa 5,363,222,357. Miaka tisa alikuwa ameshapita kigawo chenyewe, akiendelea kutafuta mbele! Alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Mzee Wabuge, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, alivua kofia.

"Shemeji, ile neno nilisema ile mwaka, nilisema tu bila kujua. Unisamehe."

Selpha alilia kwanza. "Nimekusamehe, Mzee. Lakini umechelewa sana, nataka ujue hivyo."

Mwalimu aliaga dunia Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, Selpha akiwa amemshika mkono. Tuna huzuni, ila ukweli ni kwamba tumeshusha pumzi. Siku zile tisa za mwisho alikula, alitania wauguzi, na hakuitisha daftari hata mara moja.

Ameacha mjane, Mama Selpha. Binti, Nabwire, waliyemlea tangu akiwa na miaka minne na ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Wajukuu wawili, Brigid na Mulongo. Kaka, Mzee Wabuge. Na wanafunzi wengi ambao bado wanaogopa kugawanya.

Jana tulimuuliza Mama Selpha kama tumwekee Mwalimu daftari na biro ndani ya sanduku.

"Hapana," alisema. "Amemaliza. Mwacheni apumzike."