Bernadine Gorski na Kaseti Aliyoitafuta

Marehemu Bernadine Gorski, binti Pietrzak, alizaliwa tarehe 9 Februari 1937 katika mji huu wa Brannock, jimbo la Ohio, kwenye nyumba ya Mtaa wa Tatu ambayo siku hizi ni uwanja wa kuegesha magari. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Stanley na Agnes Pietrzak. Wa pili na wa mwisho ni mdogo wake Rosalie, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, na ambaye padri amemwomba asirefushe. Atajitahidi.

Alisoma shule ya parokia hii ya Mtakatifu Stanislaus, kisha sekondari ya mji, akamaliza Juni 1955. Kila ripoti aliyoleta nyumbani ilikuwa na malalamiko yaleyale ya masista: anaongea sana. Lakini jambo lililomfuata maisha yake yote halikutokea darasani. Mwezi Mei 1951 Leonora Dace, nyota wa sinema aliyezaliwa hapahapa Brannock kabla Hollywood haijambadilisha jina na rangi ya nywele, alirudi kuutembelea mji wake, akaja kwenye tamasha la kanisa katika ukumbi ulio chini ya miguu yetu. Bernadine, wakati huo msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa anapakua pierogi, zile za Kipolandi za unga uliojazwa viazi na jibini, na pembeni alikuwa na sahani yake mwenyewe na uma wa nyumbani. Yule mama akasimama mbele yake na koti lake la manyoya, akachukua uma kutoka kwenye sahani hiyo, akala.

"Mtoto, hizi ni kama za mama yangu kabisa," akasema. "Ziondoe hapa mbele yangu, la sivyo nazimaliza."

Akarudisha uma, akaenda zake. Uma ule haukuoshwa tena. Baada ya siku chache baba yao akaanza kufoka mezani: "Watu wanne, uma tatu! Nani humu ndani anakula kwa vidole?" Bernadine akajibu kwa upole, "Ni mimi, Baba," na kwa muda mrefu alikula kila kitu kwa kijiko, hata nyama.

Alipotoka shuleni aliajiriwa kwenye kampuni ya simu, akiwaunganisha watu kwa mkono, mpaka mitambo ilipokuja kuichukua kazi hiyo. Baadaye alikuwa karani wa ofisi ya parokia hadi alipostaafu mwaka 2002. Kazi ya simu ilimpa masikio ambayo hayakumwacha. Alitambua sauti ya mtu yeyote wa mji huu kwa kukohoa tu, na kama ulikuwa umelia kabla ya kumpigia, alijua hata kabla hujamaliza kusalimia.

Tarehe 6 Juni 1959 alifunga ndoa katika kanisa hili na Walter Gorski, mwendesha winchi katika kiwanda cha chuma, mwanamume mpole ambaye mpaka anakufa hakuweza kumtofautisha Leonora Dace na waigizaji wengine wenye nywele za dhahabu. Walijaliwa watoto wawili. Leonard alizaliwa mwaka 1962, na jina lake mnajua lilikotoka, ingawa Walter aliamini ni la babu wa mkewe. Theresa, tuliyemwita Tess, alizaliwa mwaka 1968.

Miaka hiyo wapenzi wa Leonora Dace walikuwa wametawanyika kila mahali, na wachache wao, Bernadine akiwamo, walikuwa na mzunguko. Sanduku la bati lilisafiri kwa posta kutoka nyumba hadi nyumba. Ndani yake mlikuwa na picha, vipande vya tiketi, kifungo cha koti, glavu moja nyeupe, na kaseti. Ukilipokea, unachukua kitu kimoja, unaweka kingine, kisha unasimulia hadithi yako kwenye kaseti kuanzia pale mwenzako alipoishia, na unalituma kwa anayefuata. Ilikuwa marufuku kufuta sauti ya mwenzako. Oktoba 1975 sanduku lilifika kwa Bernadine. Aliweka redio kaseti kwenye meza ya jikoni akaanza kusimulia habari za uma, na katikati ya hadithi Tess akaingia.

"Mama, uma gani? Ule wa droo ya juu? Mbona mimi jana nimeulia mayai!"

Bernadine alisema kwamba alicheka mpaka akatokwa na machozi, na kwamba kicheko hicho kilikuwamo ndani ya kaseti pamoja na sauti ya mtoto. Sanduku likafungwa, likapelekwa posta.

Tarehe 17 Januari 1976 Tess alifariki kwa homa ya uti wa mgongo. Aliugua Alhamisi, na Jumamosi hakuwapo. Alikuwa na miaka saba.

Picha zake zilikuwapo. Sauti yake haikuwapo popote isipokuwa kwenye kaseti ile. Mazishi yalipokwisha Bernadine alianza kupiga simu, lakini mzunguko ulikuwa umeshavunjika. Wawili kati yao waligombana juu ya ile glavu, kama ni ya Leonora kweli au ya dukani, na kila mmoja akaapa kwamba sanduku alikwisha mtumia mwenzake. Hakuna aliyejua liliko.

Ninyi mlioketi nyuma na beji zenu, wapenzi wa Leonora Dace, mlimjua Bernadine kuwa ndiye anayempenda kuliko ninyi nyote. Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei, mlipokutana katika ukumbi wetu kuonyeshana vitu vyenu na kusimuliana, yeye alikuwa wa kwanza kufika. Alikagua kila meza, kisha akapiga magoti akakagua maboksi yaliyo chini ya meza. Aliwafuata Cleveland, Dayton na Pittsburgh. Mlikuwa mkimwambia Rosalie, "Dada yako ana mapenzi ya ajabu yule." Alikuwa nayo kweli, ila si kwa Leonora. Tangu Januari ile hakutazama tena filamu yake hata moja. Na ule uma mliopanga foleni kupiga nao picha ni wa seti ileile tu. Ule wenyewe aliutia kwenye mfuko wa koti la Tess kabla jeneza halijafungwa. Mtusamehe.

Walter alifariki mwaka 1998, naye aliondoka bila kuisikia tena sauti ya binti yake.

Mei 2009 marehemu Everett Lindgren wa Dayton, mkusanyaji makini kuliko wote na mtu mwema, alisimama mbele ya ukumbi akiwa na furaha ya mtoto. Alifariki mwaka juzi, na ndiyo maana jambo hili linasemwa leo na halikusemwa kabla.

"Bernadine, njoo hapa mbele. Unajua nimepata nini?"

Bernadine alishika mgongo wa kiti. "Everett, usinitanie."

"Sikutanii, dada. Sanduku la mzunguko! Limeuzwa na vitu vya marehemu mmoja, watu hawajui hata ni nini. Kaseti ilikuwa imeanza kuoza, nikaihamishia kwenye sidii. Majira yote haya ya baridi nimeshinda nayo. Nimekusafishia, haina hata doa."

"Umesafisha nini?"

"Mikwaruzo, milango, mbwa wa watu. Kwenye hadithi yako kulikuwa na mtoto anaingiliaingilia, anaharibu utamu wote. Nimemtoa. Lakini sauti yako sijaigusa, hata neno moja."

"Na kaseti yenyewe?"

"Nimetupa. Ilikuwa haifai tena kwa lolote."

Watu walipiga makofi. Bernadine alimshika Everett mkono wake kwa mikono miwili, akamwambia, "Asante. Umefanya kazi kubwa." Halafu alimwomba Rosalie ufunguo wa gari.

Waliisikiliza garini, hapo nje. Hadithi ilitiririka vizuri: tamasha, pierogi, koti la manyoya. Kisha ikasikika sauti ya Bernadine, kijana na mwenye haraka: "Nyamaza, Tess. Mama anaongea." Na hadithi ikaendelea. Hapakuwa na kicheko.

"Rudisha," Bernadine akasema.

Rosalie akarudisha. Ilikuwa vilevile.

"Mimi nilicheka, Rosie. Nakumbuka nilicheka."

"Labda ulicheka baadaye, dada. Ulipozima."

"Labda." Alifuta ukungu uliokuwa umeingia kwenye kioo cha upande wake. "Everett asijue. Akijua atakufa yule."

Kila Krismasi iliyofuata alimwokea Everett keki na kumtumia. Rosalie asingeweza. Kwake yeye mtu yule alimzika Tess mara ya pili, tena kwa makofi, na mpaka leo moyo wake haujatulia. Bernadine aliendelea kwenda kwenye mikutano kama kawaida, ila hakukagua tena maboksi. Alichukua kiti karibu na mlango, akawasikiliza wengine.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kushindwa. Kuanzia Septemba 2022 aliuguzwa nyumbani na mwanawe Leonard pamoja na mkewe Patrice. Yeye aliyewachosha masista kwa maneno alibaki na machache, naye akayatumia kwa uchoyo. Asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2022, kitukuu wake Wyatt alikuwa jikoni akigonga sufuria kwa mwiko. Leonard aliinuka amnyamazishe. Bernadine alimshika mkono wa shati, akasema, "Mwache." Baada ya hapo hakusema tena, na kabla ya adhuhuri alikata roho.

Ameacha mwana, Leonard, na mkwe wake Patrice, wajukuu wawili, Megan na Scott, kitukuu, Wyatt, na mdogo wake, Rosalie. Atalazwa leo kati ya Walter na Tess.

Ameacha pia agizo moja. Mtoto yeyote atakayelia, kuuliza au kugonga benchi leo, hapa kanisani au kule makaburini, asinyamazishwe na mtu. Wazazi, msitoke nao nje. Padri ameshaambiwa.

Pumzika, dada. Na wewe Tess, ongea sasa. Mama anasikiliza.