Mbwa wa Misheni na Uji wa Dadi

Asubuhi ile ya mwaka sabini na sita, ukungu ulikuwa bado umelala sokoni Kasulu kama mgeni asiyejua kuaga. Kwenye benchi la Abdalah muuza kahawa kulikuwa na msiba wa aina yake: mbwa wa misheni kafa. Jibwa kubwa kama ndama, lililoletwa kikapuni mwaka wa Azimio, limekufa kwa uzee hata miaka kumi halijagonga. Na kijibwa cha Makarius, kifupi kama kigoda, kilichozaliwa kabla ya Uhuru, kilikuwa chini ya benchi kinajikuna. Watu walicheka. Isihaka fundi cherehani hakucheka. Alikwisha kuzika watoto wawili. Wa tatu, Dadi, alikuwa bonge la mtoto, na juzi tu zahanati walimsifu kwa uzito, baba mtu akatangazia kijiwe kizima.

Makarius, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, alisema hata Kibondo ni hivyo hivyo: majibwa makubwa hayakawii kufa. Sylvesta, aliyewahi kufagia zahanati akatoka na jina la Daktari, akamgeukia fundi.

— Utambi mnene unawaka vizuri, Isihaka. Lakini mafuta si yanaisha upesi?

— Hayo ya mbwa, bwana.

— Damu ni damu. Wahenga wamesema, mpanda ngazi hushuka.

— Mimi nawaambia, akadakia Redio, kifo kinakuja kwa mbali, kinatazama. Kitaona nini kwanza? Kile kikubwa.

Abdalah alimkanya aache kufuru. Isihaka akainuka, akaingia nyumbani kwake nyuma ya kibanda chake cha kushonea, akarudi akaketi bila kumtazama mtu. Walipomuuliza, akasema amekwenda kukataza uji wa mtoto. Hakuna aliyemwambia amekosea. Daktari alishauri hata maziwa yaangaliwe.

Hapo akatokea Mwanaamina, mkewe, Dadi mgongoni analia, mikono yake minene inakifuata kibakuli alichoshika mama. Akawaamkia wote, wakaitikia kwa sauti ndogo.

— Baba Dadi, nauliza moja tu, na hawa shemeji zangu wanisaidie. Wale wawili waliotutoka, walikuwa wanene?

Redio alizima. Isihaka, aliyekata sanda zote mbili kwa mkasi wake mwenyewe, alijua ni kitambaa kidogo kiasi gani kilitosha.

Akapokea kibakuli. Kijiko cha kwanza alikijaza mno, uji ukafika kidevuni kwa Dadi kabla ya kufika mdomoni.