Soksi Moja

Mwigizaji alijificha nyuma ya gazeti ndani ya treni, simu kaizima kwa woga. Jana runinga ilirusha tamthilia yake ya kwanza kuiandika. Ikidoda, anarudi kuigiza maiti, kazi aliyoifanya miaka kumi bila kupiga chafya.

Mbele yake mama mmoja alimwambia kinyozi aliyeketi naye, “Yule mke wa tamthilia ya jana alipomkabidhi mume mhuni soksi moja tu na kumfungulia mlango, nilicheka mpaka machozi!” Kinyozi akasema, “Hiyo kaandika mwanamume, mama.” “Thubutu! Mwanamume ajue ya pili iko wapi?” “Si ndio sisi tunaozipoteza!”

Mwigizaji akashusha pumzi aliyoibana tangu jana. Treni ikasimama. “Dada, hebu tupishe,” mama akamwambia, ubishi ukiendelea.

Maiti akawapisha, yu hai kabisa.