Wa Kumi na Mbili

Ta. Penseli ilianguka sakafuni usiku, chumba cha pili, na Fundi Saa akajua kwamba mjukuu wake naye hajalala. Likizo ilikuwa imeanza, na mwalimu alikuwa amewapa kazi: kila mtoto aende makumbusho na mkubwa wake, achague picha moja, aandike majina ya wote waliomo. Kulipokucha mzee aliwahi kijiweni, kwenye benchi lililo mbele ya kibanda chake. Kinyozi alikwishafika. Profesa pia, aliyekuwa tarishi wa shule miaka yote, akastaafu na miwani ya mwalimu mkuu. Mama Kahawa akamimina. 

Fundi aliwaambia kwamba saa tatu anaondoka na mjukuu kwenda makumbusho. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kuna ubaya gani safari ikiahirishwa.

Kijiwe hakimnyimi mtu ushauri.

— Mzee, usiende, alisema Kinyozi. Mwanangu alikwenda kule mara moja, akarudi anauliza babu yangu alikuwa nani. Wiki nzima namkwepa mtoto ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

— Tena vitu vya kule ni vile ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, akadakia Profesa. Wakigundua wewe ni wa ukoo, unatia sahihi, unabebeshwa mtungi wako.

— Mtungi wa miaka mia tatu? akauliza Kinyozi.

— Pamoja na nyufa zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Unadhani masanamu ya kule yalikatikaje miguu?

Mama Kahawa aliwaambia waache kumtisha mwenzao. Nusu ya majina yaliyo chini ya picha za kule aliyataja Fundi mwenyewe. Mtu gani huogopa nyumba aliyoijaza kwa mdomo wake?

Fundi Saa hakucheka. Miaka miwili nyuma, watu wa makumbusho walipita mtaani na picha ya kiwanda cha nguo: vijana kumi na wawili mbele ya lango, naye akiwa mmoja wao. Aliwatajia kumi na mmoja. Alipofika kwa wa mwisho, akasema amesahau.

Hakuwa amesahau. Yule alikuwa kaka yake, mlinzi wa king'ora kilichoendeshwa na saa, kikilia kila alfajiri ili wasafishaji watoke chini ya mitambo kabla haijawashwa. Fundi, akiwa bado mwanagenzi, aliifungua saa ile jioni moja kuisafisha, akairudisha ukutani bila kuitia ufunguo. Alfajiri king'ora hakikulia. Mama mmoja alipoteza mkono. Msimamizi alipouliza nani ameigusa saa, kaka mtu alisema, "Mimi." Akafukuzwa kazi, akaondoka, hakuonekana tena. Mama yao hakuweza kusikia akitajwa. Jina lake likawa kama shimo uani. Kila mtu alilipita kwa pembeni, hata mama alipokwisha kufa.

— Shikamooni.

Mjukuu alisimama mbele ya benchi, viatu vya shule vimepakwa rangi, mkononi ana karatasi ya makumbusho aliyopewa shuleni, yenye picha ile ile. Wakamwitikia. Alikuwa ameandika majina kumi na moja tangu usiku, akataka kujua na la huyu wa pembeni.

— Huyo hajulikani, mjukuu wangu, alisema Profesa upesi. Si wameandika hapo chini?

Mtoto akaisogeza karatasi karibu na macho.

— Kama Babu hamjui, mbona amemshika bega?

Kinyozi akaanza kuukagua mkasi wake. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mama Kahawa aliinamisha birika. Halikutoa hata tone.

Fundi Saa alinyoosha mkono, akapewa penseli. Ncha ilikuwa imevunjika ilipoanguka. Akatoa kisu chake kidogo, akaichonga taratibu, duru kwa duru, kama anayetia saa ufunguo. Akampa mtoto.

— Andika, mama. Ni kaka yangu. Anaitwa Zahoro.