Foleni ya Dawa

Mshonaji alikaa nyuma ya watu wawili waliojuana kwenye basi asubuhi hiyo na tayari walikuwa wakibishana kama ndugu.

"Mwanangu hunywa dawa ya kuachia unga, ile heroini, kila siku mbele ya nesi," alisema mama mmoja. "Akimeza, lazima azungumze, asije akaificha mdomoni. Jana akamwambia, 'Dada, leo umependeza.'"

"Basi huyo kapona," alicheka seremala. "Ila kila siku, mama? Si kubadilisha bwana tu huko, kutoka utumwa wa unga kwenda wa dawa? Mimi nilikaa kwanza siku kumi bila unga, wakanichoma sindano inayokinga mwezi mzima, na leo naifuata nyingine. Nina kazi, sina muda wa foleni."

"Siku kumi uliziweza wewe, baba. Wangu kavuta miaka tisa, siku mbili tu zingemshinda. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Na kila siku namwona akirudi nyumbani."

Mshonaji alimkumbuka kaka yake, aliyeuawa na unga huohuo kabla ya kuanza dawa yoyote.

Basi likasimama hospitalini. Wakashuka wakibishana. Foleni ilifika hadi getini, na mshonaji, ambaye siku zote akipita hapo hugeuza uso, aliitazama akafurahi kuwa ni ndefu: wote hao walikuwa bado hai.