Sabina Masalu: Kila Sura na Jina Lake

Na Obedi Chenge, Kitengo cha Mawasiliano

Tarehe 30 Juni 2026, Bi. Sabina Masalu, mpigapicha wetu, anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Vivuko Mwambao kwa miaka thelathini na mmoja. Waandishi wa habari wa Mwanza wameshaanza kulalamika. Amewadekeza mno: wakiomba picha ya kivuko wanaipata ikiwa safi, ya leo, na maelezo yake kamili. Sasa watabaki na sisi.

Alianza enzi za filamu. Picha zilisafishwa studio kwa Mzee Jitesh, zikatiwa kwenye bahasha, na bahasha akakabidhiwa kondakta wa basi la Dar es Salaam aipeleke magazetini. Siku moja, basi limeshaondoka, Sabina akagundua kwamba picha ya uzinduzi wa kivuko imebaki mezani, na iliyosafiri ni ya Mkurugenzi akiwa amelala fofofo kikaoni. Jamani! Alidandia pikapu ya samaki, akalikuta basi Usagara likipakia abiria, akaiokoa bahasha. Mkurugenzi yule alistaafu bila kujua, na tunaomba jarida hili lisimfikie.

Kazi yake ilikuwa na masharti, na hayakujua mkubwa wala mdogo. Miwani ya jua inavuliwa. Hakuna kusimama jua likiwa mgongoni. Kila aliye pichani anaandikwa jina, kutoka kushoto kwenda kulia, awe mgeni rasmi au mpakia mizigo. Mgeni rasmi mmoja alirudishwa kukata utepe mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza alifumba macho. Utepe wenyewe ikabidi uungwe kwa pini. Na ole wako umtumie mwandishi picha yenye giza, ambayo gazeti haliwezi kuichapa. Ungeisikia sauti yake mpaka gatini. Wengi tulimwona msumbufu, hadi mwaka juzi, injini ya kivuko chetu MV Furu ilipozimika katikati ya ziwa.

Mama yangu, Teodora, muuza dagaa wa Kirumba, alikuwa ndani. Upepo ulikisukuma kivuko mpaka kikakwama kwenye mchanga wa kisiwa kisicho na watu. Nahodha aliwahi kutoa taarifa ya injini kufa, kisha mawasiliano yakakatika, na simu za abiria zikawa hazishiki mtandao. Huku mjini, mtu asiye na haya akasambaza picha ya chombo kilichopinduka, ya zamani, ya ziwa lingine kabisa, akaandika kwamba ndiyo Furu. Soko la Mwaloni, pale Kirumba anapouzia mama, likageuka msiba. Mimi nilikaa juu ya gunia la dagaa la mama, wadogo zangu wanapiga simu, kila mmoja akiuliza kama mama amepatikana. Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kimeiandaa picha ile kwa taarifa ya habari ya jioni, maana hakikuwa na nyingine.

Sabina alikuwa ameshapanda boti ya uokoaji. Kisiwani alikuta abiria wote wazima, wamelowa na wana hasira. Mwingine angepiga picha ya kivuko kilichokwama, basi, kazi imekwisha. Yeye aliwapanga mistari kama wanafunzi, akawageuza walielekee jua, akaandika majina yao mmoja mmoja. Walimjia juu: watu ndiyo kwanza wamenusurika, halafu wanapangwa! Mama alijifunika uso kwa kitenge, akakataa katakata, kwa madai kwamba hapigwi picha nywele zikiwa timutimu. Sabina akampa shikamoo yake, akamwambia kwa upole kwamba kuna mtu anautafuta uso huo sasa hivi. Mama akajifunua, amenuna. Kisha Sabina akakwea jiwe lililokuwa refu kuliko yote pale kisiwani, akaupata mtandao, akatuma.

Gladness, mwandishi wa kituo kile, aliitupa picha ya uongo, akaweka ya Sabina, na majina yakasomwa mstari kwa mstari. Nilimwona mama kwenye simu ya mwenye kibanda cha jirani pale sokoni kabla jina lake halijafika. Wa tatu kutoka kushoto, amekunja uso vilevile anavyonikunjia nikichelewa kwenda kumsalimu. Nililia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu. Kila jina lilipotajwa, upande fulani wa soko vigelegele vililipuka, na mwenye kibanda, ambaye hakuwa na ndugu ndani ya kivuko, alikuwa anacheza. Mwenyezi Mungu, sijawahi kufurahia kununiwa kama siku ile.

Tangu hapo hakuna aliyebishana naye tena kuhusu kushoto na kulia.

Sasa Bi. Sabina anarudi kwake Ilemela, kwenye nyumba ya juu ya mawe, na ameapa hatapiga tena picha ya kitu kilichovaa suti. Dada, ahsante. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu za wahariri, na wajukuu wasiofumba macho pichani.

Kwenye picha ya kukuaga utakaa katikati, na kamera hutaishika. Mama anakuja. Amesema nafasi yake ni ileile, wa tatu kutoka kushoto, asiiguse mtu. Nywele ameshasuka tangu juzi.